Sakafu ya Chumba cha Mashua

Mhunze si mahali pa kutafuta mjuzi wa vyombo vya majini. Ni mji mdogo wa wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, uliozungukwa na mashamba ya pamba na mtama, malisho ya ng'ombe, nyua za mikonge, na mbuga za udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana za kumtega ndama mguu. Huko maji ni kitu cha kutafutwa, si kitu cha kuogopwa. Mtoto wa Mhunze hujifunza kuchunga, kulima na kuhesabu ndoo. Kuogelea hujifunza akijaliwa kuhamia kwingine. Kwa hiyo lilikuwa jambo la ajabu kidogo kwamba fundi mmoja wa makochi wa mji huo, mtu aliyetimiza miaka 45 pasipo kukanyaga chombo chochote cha majini, aliombwa mwaka 2022 kutandika sakafu ya chumba cha mashua.

Aliyemwomba alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Kijana huyu aliondoka nyumbani kufuata dhahabu ya Geita, kama walivyofanya vijana wengi wa Usukuma, akachimba katika mashimo ya wachimbaji wadogo kwa miaka sita. Fedha aliyoipata hakuijengea nyumba wala hakuitolea mahari ya mke wa pili, bali aliinunua mashua ya mbao katika mwalo mmoja wa upande wa Nkome, ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Mashua ile ilichukua abiria na shehena, dagaa wakavu, ndizi na saruji, baina ya mwalo na visiwa. Nyuma, karibu na injini, ilikuwa na kijumba cha mbao, urefu wake mita mbili na nusu na upana wake mita mbili, ambamo mabaharia wawili walilala, na ambamo akina mama wenye watoto wachanga walijikinga mvua.

"Kaka," mdogo mtu alisema katika simu, "mbao zinawaumiza watoto mbavu. Wewe umekalisha nusu ya Kishapu juu ya sponji. Nikalishie na mimi abiria wangu."

Maneno hayo yalimfurahisha fundi kupita kiasi, na huenda hapo ndipo palipoanza kosa. Hakutaka malipo. Alichagua sponji ile ile aitumiayo katika makochi ya maofisa, nene sentimita tano, akainunulia ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee, akaifunga mizigo juu ya basi. Alivuka Kigongo kwenda Busisi kwa pantoni, maana daraja lilikuwa bado linajengwa, na katika safari hiyo fupi alishika chuma cha ubavuni kwa mikono miwili tangu ng'ambo hii hata ng'ambo ile. Kama asingalikuwa na hofu, angaliona kwamba sitaha aliyosimama juu yake ilikuwa chuma kitupu, wala haikufunikwa na kitu.

Kazi aliifanya kwa siku mbili. Alitandika sponji juu ya mbao za sakafu, akaivika ngozi, akaipigilia misumari ya vichwa vipana kuzunguka pande zote nne, pasiachwe hata upenyo wa kupitisha ncha ya kisu. Katika kochi huo ndio uhodari: mshono usionekane, ubao usionekane, na mnunuzi aamini kwamba kitu kizima kimeumbwa hivyo. Watu wa mwalo walikuja kutazama. Akina mama walivua viatu kabla ya kuingia. Mzee mmoja wa Ukerewe, fundi wa mashua aliyekuwa akikalafati chombo kingine pembeni, alikuja naye, akabonyeza sakafu ile kwa kidole gumba, akauliza, "Mwanangu, na ngama utaichungulia wapi?"

Fundi wa Mhunze hakulijua neno ngama. Aliona haya kuuliza mbele ya watu waliokuwa wakimsifu, akacheka kwa adabu, akajibu kwamba mambo yote yatakuwa sawa. Mzee naye, kwa adabu hiyo hiyo, alirudi kwenye pamba yake.

Ngama ni mahali pa chini kabisa katika tumbo la chombo, juu ya mkuku, ambapo maji yote yaingiayo hukusanyika. Hakuna chombo cha mbao kisichoingiza maji. Mbao hukauka zikisimama juani na kuvimba zikirudi majini. Pamba iliyoshindiliwa baina yao hulegea. Mvua hunyesha, wimbi huruka, kamba na nyavu huja na maji yake. Mashua njema haitofautiani na mbaya kwa kuwa kavu, bali kwa kuwa maji yake yanajulikana, yanaonekana, na yanafuliwa kwa wakati. Ndiyo sababu mafundi wa kale, wa pwani na wa ziwani pia, waliweka vibao vya kukanyagia pasipo kuvipigilia, vikaachana kidogo ili hewa ipite, na juu yake wakatandika jamvi tu. Jamvi likilowa hukunjwa na kuanikwa. Kibao kikishukiwa huinuliwa kwa vidole viwili. Nahodha mzoefu hata hana haja ya kuinua: husikia maji yakitembea chini yake chombo kinapolala upande, na nyayo zake humwambia kiasi chake. (Pamba ya kukalafatia aliyoishika mzee yule, kwa jinsi pamba inavyolimwa Kishapu, huenda ilichumwa karibu na nyumba ya fundi mwenyewe.)

Sasa, sponji nene yenye ngozi juu huziba yote hayo kwa pamoja. Huziba macho, huziba masikio, na huziba nyayo.

Miezi saba ilipita. Simu kutoka ziwani zilileta sifa tupu, kisha zikaanza kuleta sifa zenye mashaka. Mashua imekuwa nzito kidogo upande wa tezi. Chumbani pana harufu, labda ya dagaa. Mtoto wa abiria mmoja alikohoa usiku kucha. Fundi alishauri wanyunyize manukato.

Wakati wa masika ya 2023 binti wa fundi, mwenye umri wa miaka 11, alikwenda kupumzika likizo kwa baba yake mdogo. Usiku mmoja alikuwa akirudi kutoka kisiwani pamoja na baba mdogo huyo, mabaharia wawili na abiria wapatao ishirini. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha na upepo haukuwa mkali. Mashua ilikwenda ikikaa chini nyuma, kila dakika chini zaidi, mpaka wimbi dogo lisilostahili kutajwa likaingia juu ya ubao wa tezi. Baharia alichukua upo afue maji, asione maji ya kufua, maana sakafu ilikuwa imepigiliwa. Wakaipasua kwa panga. Chini yake maji yalikuwa yamefunika mataruma. Kalafati ilikuwa imetoka baina ya mbao mbili, labda tangu siku nyingi, na mahali penyewe palikuwa chini ya sponji, mahali ambapo mtu yeyote angalipaona asubuhi ya kwanza kama pangalikuwa wazi. Walifua maji kwa upo, kwa ndoo na kwa sufuria hata alfajiri, na wakafika.

Hakuna aliyekufa. Lakini watu wa ziwa lile hawahitaji kuelezwa jambo hilo lingaliweza kwisha vipi. Wanaikumbuka MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikaangamiza mamia ya watu. Wanaikumbuka MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ambayo walikufa watu 228. Misiba hiyo haikuletwa na sakafu; ilihusu wingi wa watu na mizigo na jinsi uzito ulivyokaa chomboni. Walakini uzito ni uzito, na ule usioonekana una hatari ya peke yake, kwa sababu hakuna anayeuhesabu.

Mdogo mtu hakumlaumu kaka yake. Alisema tu katika simu, "Kaka, ile sakafu nimeing'oa," kisha akauliza habari za mvua ya Mhunze. Aliyesema zaidi ni mtoto. Aliporudi nyumbani, alimweleza baba yake mambo yote pasipo kuficha, kama watoto wanavyoeleza, na akamalizia kwa neno ambalo fundi hakulisahau: "Baba, sakafu yako ilikuwa inalia kama matope tulipoikanyaga."

Mtu mwingine angaliapa kutorudia kazi asiyoijua. Huyu alifanya kinyume. Aliomba aletewe kipande cha sakafu iliyong'olewa, akakipasua mezani. Ngozi ilikuwa nzima juu, ila kila tundu la msumari lilikuwa mlango. Ndani, sponji ilikuwa nyeusi kwa kuvu, na ingawa ilisafiri siku mbili katika mfuko, ilipokamuliwa ilitoa maji.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza swali ambalo miaka yote ya ufundi wake haikumlazimisha kuliuliza: sponji ni nini? Ni plastiki iliyoumuliwa kama mkate, ikajaa vijumba vidogo vya hewa. Katika sponji ya godoro vijumba hivyo vimetobokeana. Hewa hupita kutoka kimoja hadi kingine, na kwa sababu hiyo mtu akilala huzama polepole na akiamka sponji huinuka tena. Lakini papitapo hewa hupita maji. Iko aina nyingine ambayo vijumba vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, mfano wa sega la asali ambalo nyuki wamelifunika. Aina hiyo haizamishi mwili kwa ulaini ule ule, lakini haina njia ya kunywea maji. Watu wa Mhunze wanaifahamu sana bila ya kujua kwamba wanaifahamu, kwa kuwa wanaivaa. Malapa mengi mepesi ya sokoni hutengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo, ile ifupishwayo kwa herufi E.V.A., na hiyo hiyo hufanywa vile vipande vya rangi rangi vyenye meno ya kushikana ambavyo hutandikwa vyumbani mwa watoto.

Kama kuna mtu anayedhani kuwa malapa na mashua ni mambo ya mbali, na akumbuke jahazi la Lamu liitwalo Flipflopi. Lilijengwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ubavuni vipande vya malapa yapatayo 30,000, yaliyokusanywa fukweni. Lilishushwa majini mwaka 2018, mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, na mwaka 2021 likatembezwa katika Ziwa Viktoria lenyewe. Malapa yale yalikuwa taka kwa sababu hayaozi. Na kitu kisichooza ni adui wa ufuko, lakini chini ya mguu wa baharia chaweza kuwa rafiki.

Fundi hakuridhika na maneno. Alikata vipande viwili vya ukubwa mmoja, sentimita 20 kwa 20, unene sentimita tano, kimoja cha sponji ya godoro na kimoja cha ile ya malapa, kwa kubandika tabaka juu ya tabaka. Alivipima kwa mizani ndogo ya kupimia dhahabu, ambayo mdogo wake aliiacha nyumbani alipoacha machimbo. Kisha akavizamisha katika ndoo, akavigandamiza kwa jiwe, akaviacha usiku mzima. Majirani walicheka kuona mtu wa Mhunze anapoteza ndoo ya maji kuogeshea sponji. Asubuhi kile cha malapa kilikuwa na uzito ule ule, ila matone yaliyoshika usoni. Kile cha godoro, kilichokuwa na gramu 40, ilibidi kipimwe ndani ya beseni katika mizani ya dukani: kilikaribia kilo mbili.

Hesabu iliyobaki aliifanya kwa penseli ukutani mwa karakana. Sakafu ya mita mbili na nusu kwa mbili, unene sentimita tano, ni robo ya mita ya ujazo. Sponji ya godoro ya kiasi hicho huwa na kilo tano hivi ikiwa kavu. Ikishiba maji hubeba lita zisizopungua 240, yaani madebe kumi na mawili. Alikuwa amepakiza madebe kumi na mawili ya maji nyuma ya mashua ya ndugu yake, mahali pasipotazamwa, kisha akamweka binti yake juu yake. Wanaoingia karakana hiyo huiona hesabu ile mpaka leo, na wengi hudhani ni deni la mteja.

Sakafu ya pili ilitandikwa mwishoni mwa 2023, na namna ilivyochaguliwa yafaa kuelezwa, kwa maana wako wengi wenye vyombo ambao hununua kwa rangi na bei. Fundi alikwenda Mwanza akabonyeza kila kitu alichoonyeshwa. Iliyobaki na alama ya kidole aliiacha. Laini mno aliiacha pia, kwa kuwa mguu unaozama hauna msimamo chombo kinapoyumba. Alichukua ngumu kiasi, unene milimita 12, ambayo kwa chumba kile chote haikuzidi kilo chache. Alinusa, akaikataa iliyotoa harufu kali, maana chumba kidogo kilichofungwa hulala watu. Rangi nyeusi aliiogopa kwa jua, na nyeupe kwa mafuta ya injini. Akachagua ya majivu. Alitaka uso wenye mikwaruzo ili mguu wenye maji ya dagaa usiteleze.

Kisha, kinyume cha yote aliyofundishwa na makochi, aliacha nafasi. Alitengeneza fremu tatu za vibao vilivyoachana, akabandika sponji juu yake kwa gundi, baada ya kusugua mbao na kuzikausha kabisa, na kila fremu akaifunga kitanzi cha kamba cha kuinulia. Pembeni aliacha upana wa kidole, kwa sababu plastiki hutanuka joto likizidi, na isipopata pa kwenda huinuka katikati kama chapati. Msumari haukutumika hata mmoja. Mzee wa Ukerewe alikuja tena kutazama, akaingiza vidole katika kitanzi, akainua, akachungulia ngama, akashusha. Rai yake ilikuwa kwamba jamvi lingalitosha. Kwa sehemu alisema kweli: jamvi ni rahisi, ni jepesi, na likichakaa haliachi taka. Lakini jamvi hunywa maji na harufu ya samaki, huteleza juu ya ubao, na halimsaidii mtoto mbavu. Fundi safari hii hakucheka kwa adabu. Alikaa chini karibu na mzee akamwuliza maana ya maneno yote asiyoyajua, ngama, taruma, mkuku, farumi, akayaandika.

Utunzaji wa sakafu hiyo si mgumu, ila hauna siku ya kupumzika. Kila asubuhi fremu huinuliwa, ngama hutazamwa na kufuliwa. Kila juma fremu hutolewa nje, huoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida, huanikwa kivulini zikiwa zimesimama ili upande wa chini upate hewa. Kivuli ni lazima: jua kali huifanya plastiki hii kuwa ngumu na kutoa unga kama chaki. Petroli na mafuta ya injini huivimbisha, na pembe iliyo karibu na injini ndiyo hufa kwanza. Nanga na madumu hayaburutwi juu yake. Na moto hauruhusiwi kabisa, kwa sababu sponji za aina zote huwaka upesi, na moshi wake katika chumba kidogo huua kabla ya ndimi za moto kufika. Ile ya godoro hutoa sumu mbaya zaidi. Jiko la mkaa la mabaharia lilihamishiwa mbele, juu ya sanduku la mchanga, kama yapikiwavyo majahazi ya pwani. Jambo hili peke yake lilileta ugomvi wa siku tatu, kwani mmoja wa mabaharia alipenda chai yake ikiwa karibu na kitanda.

Mwezi Julai 2025 fundi alikwenda tena Nkome. Safari hii alivuka kwa gari juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwezi uliotangulia. Ghuba aliyoivuka zamani akishikilia chuma ilipita chini yake kwa dakika chache, na binti yake, ambaye sasa alikuwa msichana wa sekondari, aliitazama dirishani. Walipofika mwaloni, mashua ilikuwa inapakiwa. Mtoto aliingia chumbani kabla ya mtu yeyote, akavua viatu, akainua fremu ya katikati kwa kitanzi, akapiga magoti na kuchungulia kwa muda mrefu. Baba yake alisimama mlangoni akingoja.

"Maji kidogo," alisema, akanyoosha mkono nyuma yake. "Baba, nipe upo."